Pasi Yangu, Uso wa Sixtus

Lori la ushirika lilikuwa limeshaanza kutambaa, nami nimekaa juu ya magunia ya mahindi, nilipomwona mke wangu Notburga anatokea mbio nyuma ya maduka ya Mbinga, kichanga mgongoni, kanga moja imebaki mkononi.

"Baba Vitalia! Umeifungua hiyo pasi?"

"Nimeifungua!"

"Umemwona aliyemo ndani?"

"Nimemwona!"

"Na bado unakwenda?"

Dereva akabadili gia. Vumbi likammeza mke wangu pamoja na swali lake. Mimi nikajishikiza kwenye kamba, safari ya Songea, na kutoka Songea mpaka Dar es Salaam, kuomba viza ya Ujerumani.

Kwa aliyenikosa wiki jana kwenye ukurasa huu wa gazeti, nitasema kwa kifupi. Mtoto wetu wa kwanza, Vitalia, alizaliwa Matiri na nyonga mbovu. Mwaka 1964, akiwa na miaka minne, masista walimpeleka Ujerumani akapasuliwe. Tuliambiwa mwaka mmoja. Ikapita mitano. Januari 1969 ikaja barua: mtoto amepona, anaishi kwa mtu na mkewe, wakulima walio jirani na hospitali. Hawana mtoto, wamempenda, wanataka awe wao. Baba mzazi aje mwenyewe kabla ya tarehe thelathini Juni, amchukue mtoto au aseme neno lake mbele ya hakimu. Nauli ya ndege imeshalipwa na wafadhili. Asipokuja, hakimu ataamua bila yeye.

Nikaomba pasi ya kusafiria. Na hapo ndipo nilipokosea, tena nilikosea nikiwa na jembe mkononi.

Mpiga picha alikuja Mbinga kutoka Songea siku moja tu, Jumamosi moja ya katikati ya Machi. Jumamosi hiyohiyo mimi nilikuwa na ngokela.

Msio Wamatengo niwaambie. Ukitaka kulima mashimo ya ngolo, yale yanayoshika maji na udongo mlimani, peke yako huwezi. Mkeo anapika pombe, majirani wanakuja na majembe, kila nyumba mtu mmoja. Baba akiumwa, anakuja mwana. Mwana akisafiri, anakuja mdogo wake baba. Hakuna anayeuliza kaja nani. Wanauliza, nyumba ya fulani imefika? Imefika. Basi. Lakini mwenye shamba haondoki siku hiyo. Akiondoka amewatukana waliomjia.

Asubuhi ile Notburga alikuwa anachuja pombe. Akaniambia bila kuinua macho, "Nenda ukapigwe picha. Shamba litalimwa hata kama hupo."

"Watu waje kwangu wanikose?"

"Mtoto ni wako au ni wa watu?"

"Atakwenda Sixtus."

Sixtus ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Alikuwa karani wa ghala kule Mbamba Bay, na alikuwa amepanda mlimani kwa ajili ya ngokela yangu. Mwembamba, nywele zimemshuka mpaka karibu na nyusi, sikio la kushoto halina ncha kwa sababu mbwa alimng'ata utotoni. Mimi ni mnene wa shingo, na wakati ule kipara kilikuwa kimeshapiga hodi.

Nikamvua jembe, nikamvika koti langu. Nikamwambia, "Kanisimamie."

Akaenda kunisimamia. Akapigwa picha sita. Wakati yuko huko mganga akawa anachanja ndui, naye akachanjwa, kadi ya njano ikaandikwa jina langu. Karani wa tarafa alikuwa Bwana Shemhilu, mtu wa Lushoto, Mwislamu mpole aliyekuwa na wiki tatu tu tangu ahamishiwe kwetu. Akatia sahihi nyuma ya picha kwamba huyu ndiye Urbani Ndunguru. Angejua nini? Watu wa kwetu bado alikuwa hawajui, hata mimi hajaniona.

Sikuona ubaya. Naapa mbele ya wasomaji, sikuona. Nyumba ilikuwa imeitwa, nyumba ikafika.

Sasa tuendelee na lori.

*

Siku ya tano nilikuwa mbele ya dirisha la ubalozi, Dar es Salaam. Nyuma ya dirisha alikaa mama mmoja wa Kitanzania, miwani imening'inia kwa uzi shingoni. Nyuma yangu foleni ya watu wenye suti.

"Karibu, ndugu. Karatasi."

Nikampa zote. Barua, kadi ya chanjo, pasi, picha mbili. Akavaa miwani. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha.

"Huyu nani?"

"Urbani Ndunguru."

"Na wewe nani?"

Miaka thelathini na tisa nilikuwa sijawahi kuulizwa swali hilo nikakosa jibu.

"Nakuuliza, ndugu. Huyu sikio lake limeliwa. Wewe unayo yote mawili, tena makubwa." Foleni ikacheka. "Umetumwa?"

"Mama, kwetu..."

"Kwenu wapi?"

"Matiri. Mbinga. Kule ziwani, juu yake."

"Kwenu mtu akitaka viza anamtuma mwenzake?"

"Wakati mwingine mtu anasimamiwa, mama."

"Hapa si kisimani, ndugu. Mtu hamtumi mwenzake akamchotee viza."

Kijana mmoja mwenye tai nyekundu akasema nyuma yangu, "Mwacheni mzee. Uso wake ameusahau Mbinga, atarudi kuuchukua."

Wakacheka tena. Na mimi nikacheka. Hilo nalo liandikwe: nilicheka pamoja nao.

Kisha yule mama akaacha kucheka. Akashusha sauti. "Nakuuliza kwa sababu. Wiki iliyopita alikuja mtu na pasi isiyo yake. Saa hizi yuko rumande. Sasa niambie vizuri. Huyu ni nani kwako?"

Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Ni mdogo wangu, pasi ni yangu, picha imekosewa. Labda maneno manane. Angenisikiliza, alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza. Lakini nilikuwa nimeshalisikia neno rumande.

"Ni kaka yangu," nikasema. "Mimi ni Sixtus."

"Haya. Umeona? Ukweli haumalizi mate." Akanirudishia karatasi. "Mwambie kaka yako Urbani aje mwenyewe na miguu yake. Na kama kwenye pasi yake kuna kosa lolote aseme mapema, linarekebishwa. Ni wiki sita tu."

"Wiki sita?"

"Sita. Nani anafuata?"

Ilikuwa tarehe tatu Juni. Nilikuwa na siku ishirini na saba.

Wapo watakaosema nilifanya vile kwa sababu ya zile siku. Nami nilijiambia hivyo njia nzima kutoka dirishani mpaka posta. Lakini nilijikana kabla sijasikia habari ya wiki sita. Nilishasema mimi ni Sixtus. Mpangilio wa maneno naukumbuka.

Posta nikapiga simu ya maandishi kwenda Mbamba Bay: SIXTUS NJOO DAR UPESI LETE KOTI.

*

Alifika tarehe kumi na mbili, amevimba miguu, koti langu limekunjwa kwenye kikapu kinachonuka usipa, dagaa wa ziwani. Tulilala kwenye nyumba ya mapadre. Nikamweleza. Hakustuka hata kidogo.

"Kwa hiyo nikamalizie," alisema.

"Ukamalizie."

"Nilianza na picha, nimalizie na safari. Ni haki."

"Wakikuuliza jina?"

"Urbani Ndunguru."

"Watoto?"

"Watatu. Vitalia, na wale wawili wadogo."

"Ukifika, mtoto akikuuliza wewe ni nani, utamwambiaje?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama chumvi ina ladha. "Nitamwambia mimi ni baba yake. Kwani si baba yake?"

Ni kweli, mdogo wangu ni baba wa wanangu. Kwetu hakuna anayebisha hilo. Tukacheka, tukalala.

Kesho yake nikamsindikiza. Yule mama akamwona, akavua miwani, akapiga makofi.

"Ndugu Urbani! Afadhali wewe. Mdogo wako alitaka kukuchotea." Akanigeukia. "Sixtus, umeona? Kazi ya dakika kumi."

"Nimeona, mama," nikasema. Nikaitikia jina lile bila kigugumizi.

Akamuuliza Sixtus maswali. Kazi? Mkulima wa kahawa. Mke? Notburga. Watoto?

"Watatu," akasema Sixtus. "Wa kwanza yuko hukohuko. Nakwenda kumchukua. Nilimpeleka akiwa mdogo, mama, alikuwa anatambaa kwa upande mmoja kama kaa."

Na hapo akalia. Machozi ya kweli yalimshuka mpaka kwenye kola ya koti langu. Sixtus alikuwa mgane. Mkewe alikufa na mimba ya miezi saba, mtoto hakupata kumwona. Yule mama naye akatoa kitambaa. Mimi nikasimama kando, mikono mifukoni, namtazama Baba Vitalia akilia.

Muhuri ukagongwa.

Tarehe ishirini alipanda ndege. Nilimwambia neno moja uwanjani: "Mlete."

Akasema, "Kaka, nimekusikia."

*

Nilirudi Matiri peke yangu, kahawa imeanza kuiva. Notburga alikuwa anapepeta mahindi uani.

"Umerudi na nani?"

"Sixtus ndiye aliyekwenda."

"Kwa nani?"

"Kwa Vitalia."

"Nauliza kwa jina la nani."

"Langu."

Akaweka ungo chini taratibu, kama una mayai.

"Basi wewe uliyesimama hapa ni nani?"

"Mama Vitalia, usianze."

"Mimi nilipomzaa sikumtuma mtu akanisimamie," alisema. Akauchukua ungo wake, akaendelea kupepeta.

Lakini alishona gauni. Usisahau hilo kwake. Alimwita binti wa jirani mwenye miaka tisa, akampima mabega na kiuno, akanunua kitambaa cha maua ya njano, akashona kwa mkono. Halafu akalifumua upande mmoja, akalipanua kidogo. "Ulaya wanakula vizuri," alisema. Hilo ndilo neno pekee la furaha nililolisikia kwake mwaka ule.

Juni ikaisha. Julai ikaisha. Tulichuma kahawa, tukaikoboa, tukaianika. Kila lori lilipolia bondeni, Notburga alisimama.

Sixtus alishuka Mbinga tarehe saba Agosti, akapanda Matiri kwa miguu. Alikuwa na viatu vipya na sanduku la ngozi. Notburga alimwona toka mbali. Hakumtazama yeye. Alitazama nyuma yake, pale njia inapokata kona.

"Yuko wapi?"

"Shemeji, nipe maji kwanza."

"Yuko wapi?"

"Anatembea, shemeji. Vitalia anatembea."

"Sikuuliza hilo," alisema Notburga.

*

Jioni hiyo tulikaa kwenye sengu. Hapo wanaume wa ukoo hula pamoja, na baada ya kunawa hutoa shauri. Mkubwa wetu alikuwa baba mkubwa Protasi. Ugali uliliwa kidogo sana. Nyuma ya ukuta wa mianzi tulisikia wanawake wamenyamaza, na wanawake wa kwetu wakinyamaza ujue wanasikiliza.

"Sema," alisema Protasi.

Sixtus akasema.

"Walinipeleka kwa hakimu. Chumba kidogo, hakuna hata msalaba. Wakamwingiza mtoto. Kaja anatembea mwenyewe, baba. Mguuni ana chuma, kinalia ka, ka, ka. Mrefu. Kiswahili hajui, Kimatengo hajui. Nikamwambia mimi ni baba, mkalimani akamwambia, akanipa mkono kama mtu mzima. Kisha akaenda kusimama karibu na yule mwanamke."

"Halafu?"

"Hakimu akaniuliza, Urbani Ndunguru, chuma hiki kinabadilishwa kila miezi sita, mpaka mtoto akome kukua. Huko kwenu yupo wa kukibadilisha? Nikasema hayupo. Akauliza, kisipobadilishwa? Daktari akajibu yeye, akasema nyonga itarudi ilikokuwa. Basi hakimu akasema, wewe ndiye baba. Unasemaje?"

"Ukasemaje?" Hapo nilikuwa nimeshasimama.

"Nikasema abaki."

"Nani alisema?"

"Wewe, kaka." Hakuwa na kiburi. Aliyasema polepole, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mwenzake. "Nilitia sahihi jina lako. Nikakaa wiki tano zaidi, kila siku nakwenda kumtazama anavyotembea, ili nije kuwasimulia nyumbani."

"Nilikutuma umlete!"

"Ulinituma nikusimamie. Nikasimama. Nilipoulizwa kama baba, nikajibu kama baba. Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?"

Nikafungua mdomo.

Mpaka leo nauona mdomo ule uko wazi. Sijui ningejibu nini. Labda ningesema namchukua, tukarudi naye Matiri akatambaa kwa upande kama kaa maisha yake yote. Labda ningesema abaki, nikalia njia nzima. Swali lile lilikuwa langu. Nilikuwa nimelivusha nusu ya dunia kwa mguu wa mtu mwingine. Hicho ndicho nilichomchukia Sixtus, si jibu lake. Alilijibu, na mimi sitajua kamwe mimi ni baba wa namna gani.

Protasi alinawa mikono mara ya pili. Akasema, "Nyumba iliitwa. Nyumba imekwenda. Nyumba imejibu. Aliyejibu mlimtuma wenyewe. Shauri limekwisha."

Sauti ya Notburga ikatoka nyuma ya mianzi, kitu kisichofanywa kwenye sengu.

"Nyumba gani, baba? Nyumba yangu haikuulizwa."

Protasi akajifuta mikono, akainuka.

*

Kesho yake nikaenda Mbinga kwa Bwana Shemhilu.

"Bwana karani, nataka kuandika Ujerumani. Sahihi ile si yangu."

Akaenda akafunga mlango. Akarudi akakaa, akanisogezea kiti.

"Mzee Urbani. Sasa ndiyo nakufahamu uso. Sahihi si yako, maana yake aliyekwenda si wewe. Aliyekwenda si wewe, maana yake pasi ile ni ya udanganyifu. Nyuma ya picha kuna sahihi ya nani?"

"Yako."

"Nina watoto wanne. Nilikuwa sijajua hata chumvi inauzwa duka gani hapa kwenu. Akaja mtu na koti zuri, na fomu zako, na barua ya padre. Nikamwuliza, wewe ndiye Urbani? Akasema, ndiyo, nimekuja kwa ajili ya Urbani. Ningefanyaje?"

"Hukukosa wewe."

"Hakimu hatauliza nani hakukosa." Akainama mezani. "Ndugu yangu, mtoto anatembea?"

"Anatembea."

"Basi lia. Lia sana, nitakuvumilia hata mpaka jioni. Halafu nyamaza, na wote tutapona."

Nilitoka. Nilikaa sokoni, karibu na wauza maharage, mpaka jua likapita utosi. Mama mmoja wa Ukata akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana. Nikamfikiria Shemhilu na watoto wanne. Nikamfikiria Sixtus, aliyenibeba mgongoni siku nilipong'atwa na nyoka, toka shambani mpaka zahanati. Nikalifikiria lile gauni la njano limetundikwa kwenye msumari.

Kisha nikavuka barabara, nikaingia polisi, nikasema kila kitu.

Naandika haya ili niungame, basi niungame. Sikwenda kwa ajili ya Vitalia. Nilijua hata kabla sijavuka barabara kwamba mtoto hatarudi. Nilikwenda kwa sababu nilitaka mtu mmoja, hata kama ni koplo mwenye kalamu isiyotoka wino, aandike kwenye karatasi ya serikali kwamba Urbani Ndunguru ni mimi.

Akaandika.

*

Yaliyofuata ni haya.

Mimi nilifungwa miezi minane. Sixtus alifungwa miaka miwili, kwa kusafiri na pasi isiyo yake. Mahakamani hakusema neno la kunilaumu. Alisema tu, "Nilitumwa na kaka."

Barua ilikwenda Ujerumani. Jibu lilikuja nikiwa ndani. Mtoto alikuwa ameshaandikishwa kwa jina la wale wakulima. Anayetaka kupinga afike mwenyewe. Pasi nyingine sikupewa.

Bwana Shemhilu aliachishwa kazi. Alirudi Lushoto na familia yake akalima kabichi.

Baba mkubwa Protasi hakula na mimi tena. Alikufa mwaka 1973.

Notburga alifunga mizigo kabla sijatoka gerezani, akarudi kwao Kitura na watoto wawili. Gauni alimpa yule binti wa jirani aliyempimia. Mwaka 1974 watu wa mlimani tulihamishiwa kijiji cha ujamaa. Mimi nikapewa kiwanja, nikakitazama siku mbili, nikaondoka. Tangu hapo nimekaa Lindi, Nachingwea, Kilwa, Masasi, sehemu nyingine hata jina sikuuliza. Kusoma vizuri nilijifunza kwenye kambi ya mkonge, kwenye darasa la ngumbaru.

Sixtus alipotoka hawakumrudishia kazi ya ghala. Alihamia Lituhi, akavua usipa. Hakuoa tena. Alikufa kwa homa mwaka 1978. Niliandikiwa. Sikwenda kuzika.

Vitalia alikuja Machi 1982. Ni muuguzi, ana jina la Kijerumani, na mguu unachechemea kidogo tu. Aliingia nchini kwa viza ya matembezi ya siku thelathini. Alifika Lituhi kwanza, kwa sababu anwani aliyokuwa nayo ilikuwa ya huko. Kumbe tangu Sixtus alipotoka gerezani walikuwa wanaandikiana, kwa msaada wa padre. Aliuliza nyumba ya baba yake. Wakampeleka kaburini. Alikaa Lituhi siku kumi na moja, anakwenda pale kila asubuhi.

Kisha akapanda Kitura kwa mama yake. Notburga alimkalisha, akampikia, akamtazama akila. Siku ya nne ndipo akamwambia yupo baba mwingine, yu hai.

Wakaulizia Songea, wakaulizia Masasi. Ujumbe wa kuniita Kitura ulinikuta Tunduru, kwenye kibanda cha fundi baiskeli. Ilikuwa siku ya ishirini na saba ya viza yake, na barabara ya Songea, njia pekee ya kufika kwao, ilikuwa imekatwa na mvua tangu Jumapili.